Siku Baba Alipovaa Nguo za Saint Nicolas

Mama Gertrude, kaa kwanza. Chai bado iko motoni, na mimi nina neno. Mnisamehe wakubwa, najua mimi ni mtoto mbele yenu, na najua mfiwa hulia, hagombi. Nimelia siku tatu. Leo ninagomba.

Tangu tulipomzika baba yangu ninasikia neno moja likizunguka humu kwenye kilio pamoja na vikombe: Séraphin alikuwa fundi hodari, lakini alikuwa na kiburi. Ati hakumpa mtu kitu mkononi. Ukimwomba chumvi anaiweka juu ya tofali na kujiondokea, wewe uinuke uichukue. Asubuhi hii, Mama Gertrude, umewaeleza wageni jinsi alivyokurudishia nyundo yako. Aliiweka chini mlangoni pako, umesema, kama mtu anayemtupia mbwa mfupa. Nilikuwa nyuma ya ukuta nikichambua mchele, na nimesikia kila kitu.

Sikatai, ni kweli. Sisi hapa mtu akikupa kitu anakupa mkononi huku anakutazama, na wewe unapokea kwa mikono miwili. Kuweka chini ni tusi. Baba alilijua hilo kuliko ninyi nyote. Lakini kiburi hakikumo. Kosa ni langu mimi, nililifanya nikiwa na miaka saba, na miaka kumi na sita nimelifunika kwa uongo. Mama yangu alikufa akiuamini uongo huo. Mzee Lambert yuko pale karibu na mlango, alikuwapo siku ile. Nikikosea, atanirekebisha.

Basi sikilizeni. Baba alizaliwa ukingoni mwa ziwa Tshangalele, kwa wavuvi, lakini samaki hakuwataka, alitaka mbao. Alijifunza useremala kwa wamisionari wa Mulungwishi, akawa Mprotestanti safi, wa kuimba sauti ya nne, mpaka alipomwona Mama kwenye foleni ya unga. Wiki sita baadaye alikuwa Mkatoliki. Mama alimtania maisha yote kwamba alihama kwa ajili yake: "Séraphin, weye uliacha kanisa lako juu ya minye, utajibu nini kwa Mungu?" Naye Baba hujibu, "Nitamuonyesha weye, ataelewa." Huyo ndiye mnayemwita mtu wa kiburi.

Kampani ya migodi ilimpa kazi katika karakana yake ya mbao, na nyumba hii ya vyumba viwili hapa Panda. Alitengeneza milango ya ofisi, vitanda vya hospitali, madawati ya shule, na majeneza pia. Lake hakulitengeneza yeye, na mmeliona lilivyopinda.

Tena alikuwa daktari wa farasi. Mnacheka, lakini watu wa rika langu wanajua. Mjini kulikuwa na bustani ya watoto ya Kampani. Enzi za Wabelgiji, mji huu wa Likasi ulipoitwa Jadotville, watoto weusi waliitazama wakiwa nje ya waya. Sisi tulikuta waya umefunguliwa. Kulikuwa na pembea sita, mtelezo wa bati uliochoma matako wakati wa jua, na katikati ya yote kulikuwa na manège, yaani farasi kumi na wawili wa mbao wanaozunguka kwa injini huku muziki ukipigwa. Farasi akivunjika mguu, Baba aliitwa. Alimleta karakana, akamtia mguu mpya, akamrudisha Jumamosi kabla hatujafika.

Juu ya farasi, kuzunguka paa lote, kulikuwa na mbao zilizochorwa watoto. Walikuwa wanane, wote wana nywele za manjano na mashavu mekundu. Mmoja ana robe, yaani gauni, ya buluu, mmoja anakula keki, mmoja ana puto, na wengine hivyo hivyo. Na pembeni kabisa palikuwa na wa tisa, mweusi, miguu mitupu, ameshika kamba ya farasi na anacheka meno yote nje. Sisi kabla ya kupanda farasi tulikuwa na desturi yetu. Kila mmoja anajichagulia mtoto wa juu, ndiye atakuwa yeye mpaka muziki uishe. "Minye ni ule wa robe ya buluu." "Minye ni ule wa keki." Tuligombana sana juu ya ile robe ya buluu, hata kukwaruzana. Wa tisa hakuna aliyemtaka, na hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Sasa niwaeleze Fwetari, maana ninyi vijana hamkumjua. Kila tarehe sita Desemba, Kampani iliwagawia watoto wa wafanyakazi vitu vya kuchezea kule bustanini. Saint Nicolas, mtakatifu wa watoto, alikuja juu ya kamyoneti, gari dogo la mizigo, joho jekundu, kofia ndefu ya askofu, ndevu nyeupe, glavu nyeupe. Alikuwa mzungu mmoja wa maabara. Anakuita jina, unakwenda mbele, unanyoosha mikono miwili, anakupa chungwa, pipi na kitu chako cha kuchezea, unasema, "Merci, Saint Nicolas." Nyuma yake anasimama Père Fouettard, sisi tukisema Fwetari, mtu mweusi mwenye koti refu, ndevu za manyoya meusi, fimbo na mfuko wa gunia. Hasemi, ananguruma tu. Kazi yake ni kuwatia watoto wabaya ndani ya mfuko na kuwapeleka mahali ambapo hakuna aliyewahi kutuambia ni wapi. Mwaka mzima mama zetu walimtumia yeye. Hutaki kulala, nitamwita Fwetari. Umevunja sahani, Fwetari amesikia. Wewe Mama Gertrude ulikuwa bingwa wa hayo.

Zamani, Fwetari alikuwa mzungu mwingine aliyejipaka masizi usoni. Kisha mkubwa mmoja wa ofisi akasema, mbona tunapoteza masizi na Séraphin yupo? Baba alikuwa mweusi kweli, mrefu, mabega ya kubeba mlango peke yake. Ofisi nzima ilicheka. Baba naye akacheka, maana mkubwa akicheka mfanyakazi afanye nini? Hivyo ndivyo baba yangu alivyokuwa Fwetari wa Likasi, miaka sita mfululizo.

Nyumbani hatukujua. Mama alituambia Papa yuko kazini. Jioni alirudi, ananuka sabuni, anatuuliza tulipewa nini. Nakumbuka mwaka mmoja nilipanda mapajani pake.

"Papa, Fwetari aliniangalia."

"Aliangalia nani?"

"Minye. Anataka kunitia mu mufuko."

"Hapana. Weye hakutie mu mufuko."

"Unajua namna gani?"

"Ninajua. Ule muntu iko na mutoto wake kwake, kama weye."

"Uongo, Papa. Fwetari haiko na mutoto. Nani anaweza kuzaa na muntu kama ule?"

Mama alianza kukohoa jikoni. Baba alinishika kichwa, akaniambia nikanawe, tule.

Mambo yakaenda hivyo mpaka mwaka mmoja baada ya ule ambao serikali ilituachisha majina ya ubatizo. Shuleni nilikuwa Ngoie, nyumbani nikabaki Emérance. Redioni kila siku walituambia mtu mweusi aone fahari juu ya ngozi yake, na sisi watoto tuliimba hivyo asubuhi mbele ya bendera, halafu Jumamosi tukaenda bustanini kugombania robe ya buluu.

Jumamosi moja Baba alikuwa juu ya ngazi, anapaka mafuta vyuma vya manège, nasi tukachagua watoto wetu chini yake. Akatusikiliza. Alipotelemka alinivuta kando.

"Emérance, na ule mweusi pale? Ule nani anachagua?"

"Hapana muntu."

"Juu ya nini?"

Nilishangaa anauliza sababu. Mtu mzima, na hajui jambo jepesi hivyo. "Papa, ule hapana mutoto. Ule iko anashika kamba."

"Kamba ya nani?"

"Ya batoto," nikamwambia.

Alifuta mikono kwa kitambaa kile chake cha mafuta, akafuta tena na tena, vidole vilivyokwisha kuwa safi. Mimi nilirudi kwenye farasi wangu. Ulimi hauna mfupa, na wa mtoto ndio kabisa.

Siku zile yule mzungu wa maabara alikuwa amerudi kwao. Mzee Lambert ndiye aliyekuwa mkubwa mpya wa mambo ya kijamii, mtu mweusi wa kwanza kukaa kwenye kiti kile. Baba alimwendea akavua kofia. Alisema, mwaka huu Saint Nicolas nitakuwa mimi. Mzee Lambert alifurahi, si kweli, Mzee? Alisema hilo ndilo jambo la wakati wetu. Ila akaongeza kwamba Baba ajipake unga kidogo usoni, kwa sababu watoto wamezoea. Baba akakataa. Unga hapaki, glavu havai, na Fwetari asiwepo kabisa. Mzee Lambert aliona ni sawa. Hapo ndipo lilipokuwa kosa, na hakuna hata mmoja wao aliyeliona.

Mama ndiye aliyenisimulia mengine, miaka mingi baadaye. Joho la mzungu lilimfika Baba magotini. Alilipeleka kwa Assani, fundi wa nguo, Mwislamu wa Kasongo, aliyekuwa na cherehani yake karibu na soko. Assani aliongeza kipande chini, chekundu kingine, hakikufanana sana. Akiwa na pini mdomoni akamwambia, "Ndugu yangu, mutoto anaona kile mulimuonyesha zamani."

"Njo maana nataka kumuonyesha kingine," Baba akajibu.

Nyumbani Mama naye alimsihi. "Paka unga, Séraphin. Ni siku moja."

"Kama ninapaka unga, bataona tena muzungu," Baba akasema. "Philomène, nataka Emérance aone mukono mweusi unatoa. Mara moja tu. Kisha abakie na ile maisha yake yote."

Hilo tu ndilo alilotaka. Hakutaka cheo, hakutaka kupigiwa makofi.

Tena alichonga mwanasesere. Wanasesere wa Kampani walikuja ndani ya masanduku kutoka Ulaya, wote nywele za manjano. Wangu alimchonga mwenyewe karakana, saa ya chakula, wiki tatu, kwa mti wa mukula, akamng'arisha mpaka akawa na rangi ya shavu langu. Nywele zake zilikuwa za sufu nyeusi, zimesukwa njia nne kama nilivyosukwa mimi. Robe yake ilikuwa ya buluu. Assani ndiye aliyeishona.

Siku ilifika. Tulikuwa zaidi ya mia mbili, tumepangwa mistari kuzunguka manège, viatu vimepakwa mafuta. Masista walituimbisha. Kamyoneti ikaingia, na wimbo ukafa taratibu, mstari kwa mstari, kadiri watoto walivyomwona aliyesimama juu yake. Joho ni lilelile, kofia ni ileile, ndevu nyeupe ni zilezile, lakini katikati ya ndevu na kofia palikuwa na uso mweusi.

Alishuka pole pole, akiogopa kukanyaga joho. Nilisikia mtoto nyuma yangu akiuliza, "Na Fwetari iko wapi?" Sote tuliangalia kamyoneti, tukaangalia chini yake, tukaangalia nyuma ya miti. Miaka yote walikuja wawili, mzungu na mweusi. Leo mzungu hayupo, na mweusi amekuja peke yake.

Mzee Lambert akasoma jina la kwanza. Lilikuwa langu. Baba ndiye aliyeomba iwe hivyo.

Nilikwenda mbele kwa sababu sista alinisukuma. Nilinyoosha mikono miwili kama tulivyofundishwa. Yeye akainama, mwanasesere amefungwa kwa karatasi, ameshikwa na mikono miwili mikubwa bila glavu, na nikaona macho yake kwa karibu. Niliyajua macho yale. Yaliniangalia mwaka uliopita juu ya ndevu nyeusi, na mwaka wa nyuma yake. Kichwa changu cha miaka saba kilifanya hesabu yake kikaimaliza.

Nikapiga kelele, "Ni Fwetari. Ameua Saint Nicolas, amevaa nguo zake."

Mngeona. Watoto mia mbili. Wengine walikimbilia waya, wengine wakapanda juu ya farasi, wadogo walikanyagwa. Kijana wa jirani yetu Mayombo alipasuka mdomo kwenye mtelezo. Masanduku ya machungwa yalipinduka, na wavulana wakubwa, mashujaa wetu, waliyaokota wakaanza kumtupia. Moja lilipiga kofia ikaanguka. Jingine lilimpata jichoni. Yeye hakujikinga. Alikuwa bado ameinama mbele yangu na ile karatasi mikononi, kwa sababu mimi peke yangu nilikuwa sijakimbia. Mikono yangu ilikuwa bado imenyooshwa.

Akashusha ndevu kidogo. Akasema kwa sauti ya chini, sauti yake ya nyumbani, "Emérance. Ni minye. Ni Papa."

Sasa hapa ndipo nilipoficha miaka kumi na sita, kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Nilimtambua. Sauti niliijua, na kidevu, na kovu la patasi kwenye kidole gumba. Nilijua kwa wakati uleule mambo mawili, kwamba huyu ni baba yangu, na kwamba Fwetari ni baba yangu, tangu zamani, mwaka kwa mwaka. Alininyooshea ile karatasi tena. Tukatazamana. Mimi nikarudisha mikono yangu nyuma ya mgongo, nikageuka, nikakimbia kama wengine.

Nilikimbia kwa sababu niliona aibu. Sikutaka wale watoto wajue kwamba mimi ndiye mtoto wa mtu yule. Hiyo ndiyo kweli yake, na haina kanzu ya kuivika.

Alirudi jioni na nguo za kazi, jicho limevimba. Alikuwa na chungwa moja. Alinitazama nimejikunyata karibu na mlango wa jiko. Alipiga hatua moja kuja kwangu, mimi nikasogea nyuma, hatua ndogo tu, hata sikukusudia. Akasimama. Aliliweka chungwa juu ya meza, akarudi nyuma kabisa mpaka ukutani. "Kula," akaniambia.

Mama akaniuliza, "Emérance, haukumujua papa yako?"

"Sikumujua," nikasema.

Baba alikuwa amekaa anafungua viatu. Hakuinua kichwa.

"Unasikia, Séraphin?" Mama akasema, na furaha ilimjaa sauti, maskini. "Mutoto hakukujua. Ni ndevu tu."

"Ninasikia," Baba akajibu.

Alijua. Tulitazamana, yeye na mimi, na mtu hasahau alivyotazamwa. Aliniachia uongo wangu, akaubeba yeye.

Yule mwanasesere alimpa Mayimuna, binti ya Assani, ambaye hakuwa mtoto wa Kampani na hakuwa ameona lolote. Yaani alimweka juu ya meza ya cherehani, akasema ni wa mtoto. Mayimuna alilala naye mpaka alipoolewa. Nilipokwenda kucheza kwao nilimkuta pale kitandani na robe yake ya buluu, na kila mara Mayimuna aliniambia, "Mushike, nakuazima." Sikumshika hata siku moja.

Mwaka uliofuata walipata karani mmoja, wakampaka unga uso mzima hadi masikioni. Watoto walipiga makofi mpaka mikono ikauma. Na Fwetari alikuwepo. Mzee Lambert alikwenda kumbembeleza Baba na hakuhitaji kubembeleza, si ndivyo, Mzee? Aliyekuwa Saint Nicolas kwa nusu saa alivaa koti lake la zamani, akabeba gunia lake. Mama alimuuliza roho yake imetengenezwa kwa kitu gani. Alisema, "Batoto bananijua pale." Aliendelea miaka mitatu, mpaka Kampani ilipoacha sherehe ile. Mimi nilikuwa mstarini, nikinyoosha mikono kwa yule karani wa unga, nikisema merci, na baba yangu amesimama nyuma ya bega lake ananguruma. Hakuniangalia tena hata mara moja.

Nyumbani ndiyo ikawa hivyo mnavyosema. Daftari aliliweka mezani. Mkate aliuweka mezani, au alimpa Mama anipe. Kwanza ilikuwa kwangu tu. Halafu kwa wadogo zangu, halafu kwa watoto wote wa mtaa, na mwisho mkono ulizoea ukawafanyia hata watu wazima. Siku ya ndoa yangu alitembea kando yangu mpaka altareni, mikono nyuma, na shangazi za mume wangu walinong'ona. Na nyundo yako, Mama Gertrude, aliyemfungulia mlango alikuwa mjukuu wako, yule mdogo mwenye kigugumizi. Nilikuwa barabarani, niliona. Baba alimwona mtoto, akaiweka nyundo chini, akarudi nyuma hatua tatu ili mtoto asimwogope. Ulitoka ukakuta nyundo tu.

Mara ngapi nilitaka kumwambia? Nilipojifungua wa kwanza nilikwenda na neno mdomoni. Alimtazama mtoto akiwa mlangoni, akasema ni mzuri, akasema anafanana na Mama, akakataa kumbeba ati mikono yake ina gundi. Neno likarudi tumboni. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi kila mwaka niliona kidimbwi kinazidi kuwa kipana.

Wiki iliyopita, hospitalini, homa ilikuwa imekula kumbukumbu zake. Kifua kilikuwa kimejaa vumbi la mbao la miaka thelathini. Aliniita jina la dada yake, alimwita muuguzi Philomène, aliuliza kama farasi wa nane amepona mguu. Mzee Lambert alikuwa ameleta machungwa, Mungu akulipe, Mzee. Mchana ule Baba alipata nguvu kidogo, akaketi, akamenya moja kwa vidole, bila kisu, ganda likatoka refu bila kukatika, kama alivyotumenyea zamani kabla ya yote. Akaligawa vipande viwili.

Nikajiambia, leo amesahau. Amesahau hata mimi ni nani, basi na lile limekwenda pamoja na mengine. Nikapiga magoti kando ya kitanda. Nikanyoosha mikono miwili, viganja juu, kama mtoto aliye mstarini.

"Papa," nikasema, "nipe."

Aliitazama mikono yangu. Mkono wake ukatoka chini ya blanketi na ile nusu ya chungwa, ukaja, ukafika karibu kabisa mpaka nikasikia ubaridi wa chungwa. Ndipo akainua macho akanitazama usoni. Sijui aliona nini. Mkono ukasimama, ukakwenda pembeni, ukaliweka chungwa juu ya kiti. Alilisukuma kwa kidole kimoja kuja upande wangu, kisha akaurudisha mkono wake chini ya blanketi na kuuficha.

"Kula, Emérance," akasema. "Hapana kuogopa."